Kujenga Mafunzo ya Wahudumu wa Afya ya Akili Yasiyokufa Mfadhili Akiondoka

Kila mpango mpya wa afya ya akili unapoanzishwa katika nchi ya kipato cha chini, maswali yanayoletwa ni yale yale: mafunzo yachukue siku ngapi, utumike mtaala upi, na aitwe nani. Ni maswali ya haki, na mwongozo huu utayajibu. Lakini liko moja linalotangulia yote: wiki sita baada ya darasa kufungwa, mhudumu wako atakapokuwa ameketi mbele ya mtu anayelia na asijue la kufanya, atamuuliza nani? Ikiwa huwezi kulitaja jina la mtu huyo leo, ahirisha darasa.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2020 zilionyesha kuwa nchi za kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000, wakati nchi tajiri zina zaidi ya 60. Pengo hilo halizibwi kwa kungoja madaktari bingwa wahitimu, na ndiyo maana sehemu ya kazi hukabidhiwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii. Kwamba wanaweza, hilo lilishaonekana. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa kike wa afya ya jamii walifunzwa namna ya kuwasaidia wajawazito wenye sonona (huzuni nzito isiyoondoka, inayomzuia mtu kufanya shughuli zake), na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 ya akina mama waliotembelewa nao ndio waliokuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliopata matembezi ya kawaida. Darasa lao la mwanzo lilikuwa la siku 2. Watu wengi hulinukuu jambo hilo kwa furaha, kisha wakasahau kwamba wahudumu hao walisimamiwa kila mwezi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Makubaliano ya maandishi na wizara au mamlaka ya afya ya eneo, yanayoeleza ni nani atakayewalipa wahudumu na ni saa ngapi kwa wiki watakazoachiwa kwa kazi hii. Muuguzi aliyeongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine ataiacha ile mpya, wala hutakuwa na haki ya kumlaumu.
- Msimamizi mmoja kwa kila wahudumu 6 hadi 8, aliyekubali kwa jina lake.
- Kituo cha rufaa kilichokubali kupokea wagonjwa wako, na namba ya simu inayopokelewa na mtu anayejua anachoulizwa.
- Dawa, iwapo utafundisha saikosisi (hali ya mtu kuona au kusikia yasiyokuwepo, au kushikilia imani zisizo za kweli) au kifafa. Nenda stoo mwenyewe, ufungue daftari la dawa na uangalie miezi mitatu iliyopita: haloperidoli ya saikosisi ilikuwepo? Fenobabitali ya kifafa ilikuwepo? Kumfundisha mtu kutambua kifafa mahali pasipo na dawa ya kifafa ni kumfundisha kuwavunja watu moyo.
- Mahali pa faragha. Si lazima pawe jengo; mpango wa ushauri wa Friendship Bench (Benchi la Urafiki) wa Zimbabwe, ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, ulitumia mabenchi yaliyowekwa nje katika viwanja vya zahanati.
- Bajeti ya miezi 18, ambayo kwa maoni yangu usimamizi usipungue nusu yake. Mabegi yenye nembo, fulana na mabango yanaweza kungoja. Hata milele.

Hatua

1. Andika kazi ya mhudumu kwa sentensi moja.

Mfano: "Muuguzi wa zahanati atatambua sonona na kifafa, atatoa vikao vitano vya msaada wa kisaikolojia, atafuatilia matumizi ya dawa zilizoandikwa na tabibu, na atampa rufaa kila mwenye dalili za hatari." Lisilokuwamo katika sentensi hiyo lisifundishwe katika awamu ya kwanza. Mpango wa WHO ujulikanao kama mhGAP, uliozinduliwa mwaka 2008, unagusa sonona, saikosisi, kifafa, matatizo ya watoto na vijana, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ulevi na dawa za kulevya, pamoja na kujidhuru. Kishawishi cha kuyafundisha yote kwa wiki moja ni kikubwa, hasa mfadhili anapopenda kuona orodha ndefu. Kipinge. Chagua mawili au matatu ambayo kituo chako kina uwezo wa kuyatibu.

2. Tafuta wasimamizi na uwafunze kwanza.

Msimamizi si lazima awe daktari bingwa. Anaweza kuwa muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii, au mhudumu mzoefu aliyepandishwa. La lazima ni kwamba awe ameifanya kazi hiyo kwa mikono yake: mtake awahudumie wagonjwa wachache, kwa njia ile ile itakayofundishwa, kabla hajamsimamia mtu. Msimamizi anayeijua kazi kwa kuisoma tu hubanwa na swali la kwanza la mhudumu wake, na kuanzia hapo huanza kukwepa simu.

Ikiwa nchini hakuna wataalamu wa kutosha kulea wasimamizi, unaweza kualika wa nje, mradi mgeni apewe kazi yenye mwisho. Kwa miaka mingi Waethiopia waliotaka kubobea katika magonjwa ya akili walikwenda kusoma ng'ambo, na wengi hawakurudi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Addis Ababa, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto, kilianza kuwafunza madaktari hao nyumbani. Wahadhiri wa Toronto walikwenda kwa vipindi vya takriban mwezi mmoja kufundisha na kusimamia, na kadiri wahitimu walivyoongezeka ndivyo kazi ya kufundisha ilivyohamia kwao. Unapotiliana saini na chuo cha ng'ambo, andika tangu siku ya kwanza mada ipi itachukuliwa na mwenyeji mwaka gani.

3. Chagua wanafunzi wewe mwenyewe.

Barua inayomwambia mkuu wa kituo "tuma watu wawili" itakuletea wale ambao zamu yao ya posho imefika. Fanya usaili mfupi, dakika 15 zinatosha: mweleze mtu huyo kisa, umwache azungumze na mwenzake anayejifanya mgonjwa, kisha uhesabu ni mara ngapi alimkatiza. Elimu ya juu siyo kigezo cha kwanza. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2003 ulitumia wenyeji wasio wataalamu, waliofunzwa kwa wiki 2 kuongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16, na vikundi hivyo vilisaidia sana. Wanaotoa huduma katika Friendship Bench kule Harare ni akina mama watu wazima ambao majirani walishazoea kuwaeleza siri zao.

Tahadhari: usijenge mpango mzima juu ya watu wa kujitolea. Mtu hujitolea mwaka mmoja. Mwaka wa pili ana ada za watoto za kulipa.

4. Chukua mtaala uliopo, kisha uifanyie kazi lugha yake.

Usitunge mtaala mpya. Mwongozo wa mhGAP uliotoka mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2016, programu ya PM+ (Problem Management Plus) ya mwaka 2016 yenye vikao vitano vya kumsaidia mtu kukabili matatizo yake, na ile ya Thinking Healthy ya akina mama wenye sonona, iliyokulia Pakistan, zote hupatikana bure kutoka WHO. Muda ambao ungeutumia kuandika upya utumie kuhakikisha maneno yanaeleweka, kwa sababu hapo ndipo mitaala mingi hukwama.

Chukua dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona na ambalo hutumika bila malipo. Swali la kwanza linahusu kutovutiwa na shughuli. Likitafsiriwa "kukosa hamu" bila kuongeza neno, baadhi ya watu watajibu kuhusu chakula, na swali la chakula liko mbele, la tano. Neno "sonona" lenyewe hufahamika zaidi kwa walioketi darasani kuliko kwa anayeumwa, ambaye atakuambia ana mawazo, moyo wake mzito, au usingizi umemkimbia. Zimbabwe hawakulazimisha jina la kitabuni; walijenga huduma juu ya neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu alikuwa nalo tayari.

Fanya hivi: wasomee watu wapatao 20 wa eneo husika kila swali la dodoso, mmoja mmoja, kisha umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Usimuulize kama ameelewa, maana atakubali kwa adabu. Swali ambalo watu watatu wamelieleza vingine, libadilishe na ulijaribu tena.

5. Fundisha kwa vitendo, nadharia iwe ya nusu siku.

Darasa lisizidi watu 20. Wagawe watatu watatu: mmoja mhudumu, mmoja mgonjwa, mmoja mtazamaji mwenye karatasi ya kuweka alama, kisha wabadilishane nafasi. Igizo dhima ndilo darasa lenyewe, na huna haja ya kulichelewesha hadi jioni watu wakiwa wamechoka.

Huu ni mfano wa kile utakachokiona siku ya kwanza. Anayeigiza mgonjwa anasema, "Tangu mwanangu afariki silali." Kabla sentensi haijatua, mhudumu anajibu, "Pole sana, yote ni mipango ya Mungu, na una watoto wengine wa kuwalea." Darasa linatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ndivyo sote tulivyozoea kufarijiana. Mkufunzi asihutubie. Amgeukie mwigizaji wa mgonjwa na kumuuliza, "Ulipoambiwa hivyo, ulitaka kusema nini tena?" Mara nyingi jibu huwa, "Sikutaka kusema kitu. Niliona mazungumzo yameisha." Warudie. Safari hii mhudumu anyamaze kidogo, kisha aseme, "Usingizi unakukimbia tangu siku hiyo. Ukiwa macho usiku, huwa unawaza nini?" Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo nusu ya mtaala, na haifundishiki kwa slaidi.

Zoezi la pili lisilokwepeka ni swali la kujiua. Wanafunzi huliogopa, na wengi huamini kwamba kuuliza kunampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Siyo kweli, kuulizwa waziwazi humpa mtu nafasi ya kusema. Sikiliza jinsi wanavyozunguka: "Lakini huna mawazo mabaya, sivyo?" Swali hilo linaomba jibu la hapana, na litalipata. Kila mwanafunzi atamke kwa sauti, akimtazama mwenzake, "Je, umekuwa ukiwaza kujiua?" na arudie mpaka sauti isitetemeke. Kisha ajifunze yanayofuata: kuuliza kama kuna mpango na kama kuna kitu cha kuutekelezea, kutomwacha mtu huyo peke yake, kukiondoa kitu hicho karibu naye, kumshirikisha mtu anayemwamini, na kupiga simu ya rufaa hapo hapo.

Tahadhari: baadhi ya wanafunzi watakumbuka misiba yao katikati ya igizo. Waambie mapema kwamba wanaweza kutoka nje bila kuomba ruhusa, na awepo mkufunzi wa pili wa kumfuata anayetoka.

6. Pima umahiri kabla ya kumruhusu mtu kazini.

Mtihani wa maandishi hupima kumbukumbu. Tumia mgonjwa wa kuigiza na karatasi ya tathmini. Kipimo cha ENACT, kilichoanzia Nepal, huangalia mambo kama usikivu, usiri, kuonyesha kujali na kuuliza kuhusu kujidhuru, na kinapatikana pamoja na vingine katika mpango wa EQUIP wa WHO na UNICEF. Ndani yake yamo matendo ya kudhuru, kama kumdhihaki mgonjwa au kumlaumu. Mwanafunzi aliyeonyesha hata tendo moja la namna hiyo asipewe wagonjwa hadi afundishwe tena na kupimwa tena, hata kama alama zake nyingine ni za juu, na hata kama ni ndugu wa mkubwa.

7. Mpe wagonjwa wachache, na umsimamie kila wiki.

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mpango wa kwanza niliofanya nao kazi ulitumia karibu fedha zote kwa darasa la siku kumi katika hoteli, watu wakapiga picha na vyeti, na usimamizi ukaachwa uwe "pale inapowezekana." Haikuwezekana. Miezi mitano baadaye nilifungua daftari la kituo kimoja nikakuta wagonjwa wanne wameandikwa, wote katika mwezi wa kwanza, na wa mwisho hakuwa na kikao cha pili.

Anza na wagonjwa wawili au watatu kwa kila mhudumu. Miezi mitatu ya kwanza usimamizi uwe wa kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi bila kukoma. Uwe na siku na saa isiyobadilika. Usimamizi unaopangwa upya kila wiki haufiki wiki ya nne. Dakika 90 kwa kikundi zinatosha zikigawanywa vizuri:

- Dakika 10: kila mmoja anataja ana wagonjwa wangapi, na kama yupo mwenye dalili za hatari. Mwenye dalili za hatari huanza.
- Dakika 50: visa viwili, si sita. Mhudumu hasimulii tu; anaigiza sehemu iliyomshinda, kikundi kinajaribu njia nyingine, naye anairudia.
- Dakika 20: zoezi moja la ustadi ambalo visa hivyo vimeonyesha ni dhaifu.
- Dakika 10: hali ya wahudumu wenyewe. Wanaosikiliza machungu ya watu siku nzima hubeba baadhi yake kwenda nayo nyumbani.

Majina ya wagonjwa yasitajwe kikundini. Msimamizi naye asigeuke mkaguzi: siku mhudumu atakapoadhibiwa kwa kukiri kosa ndiyo siku ya mwisho utakayosikia kosa lolote.

Usafiri ukiwa mgumu, tumia simu kwa vikao vya kati, lakini msimamizi afike kituoni walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Yako mambo ambayo simu haiyaoni, kwa mfano mlango wa chumba cha ushauri ambao haufungiki.

8. Uhamishie mzigo kwenye mfumo wa serikali tangu mwaka wa kwanza.

Katika kila awamu, chukua wahitimu wawili bora wawe wakufunzi wasaidizi wa awamu inayofuata, na katika awamu ya tatu wafundishe wao huku wewe ukiwa umekaa nyuma. Omba kazi hii iandikwe katika majukumu rasmi ya muuguzi na tabibu, cheti kitambuliwe na baraza la taaluma husika, na dawa ziingizwe katika maombi ya kawaida ya kituo. La faida zaidi kuliko yote ni kuyaingiza mafunzo katika vyuo vya uuguzi na utabibu, kwa sababu mwanafunzi wa chuo halipwi posho ya semina na kila mwaka anakuja mwingine. Kazi hiyo ni ya polepole, ina vikao vingi na chai nyingi. Ianze mapema.

9. Hesabu mambo machache.

Idadi ya watu waliofunzwa haikuambii chochote kuhusu huduma. Hesabu wahudumu ambao bado wanafanya kazi baada ya miezi 6 na 12, vikao vya usimamizi vilivyofanyika kati ya vilivyopangwa, wagonjwa waliorudi kwa kikao cha pili, na alama za dodoso mwanzoni na mwishoni. Daftari moja linatosha.

Mambo yakienda kombo

*Wagonjwa hawaji.* Kagua jina la huduma kabla ya kulaumu unyanyapaa. Kibao kilichoandikwa "kitengo cha wagonjwa wa akili" kitamkimbiza mtu mwenye sonona. Kisha angalia kama wahudumu wa mapokezi na wa kliniki nyingine wanajua namna ya kumwelekeza mtu kwako; mara nyingi hakuna aliyewaambia.

*Wagonjwa huja mara moja, hawarudi.* Mwombe mhudumu, kwa idhini ya mgonjwa, amruhusu msimamizi kuketi katika kikao cha kwanza. Utakuta ama alijaza fomu muda wote, ama alitoa ushauri ndani ya dakika tano.

*Wahudumu waliofunzwa wanahamishwa.* Uhamisho hutauzuia. Funza wawili au zaidi kwa kila kituo, na uombe orodha ya waliofunzwa iwekwe kwa ofisa anayeandika barua za uhamisho, si kwa mfadhili.

*Rufaa zinarudi bila majibu.* Ongeza kipande cha kukatwa chini ya fomu ya rufaa, chenye nafasi ya mistari mitatu tu. Daktari mwenye foleni ndefu hataandika ripoti, ila mistari mitatu ataandika.

*Mhudumu ameanza kuepuka visa vizito.* Mara nyingi amepoteza mgonjwa, au amesikia jambo linalofanana na la kwake. Mpunguzie wagonjwa kwa muda na umpe kikao cha peke yake na msimamizi, mbali na kikundi.

*Mfadhili ametangaza kuondoka.* Kata kwa mpangilio huu: kumbi za hoteli, kisha posho za semina, kisha machapisho ya rangi, kisha safari za makao makuu. Saa ya usimamizi ya kila wiki, vocha ya simu ya msimamizi na nauli yake ya kufika kituoni viwe vya mwisho kabisa kuguswa, na gharama zake ziandikwe kwenye bajeti ya kituo angalau mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kuondoka.